Nakirudisha Kikombe Chako, Kanji

Kanji, ndugu yangu wa cherehani ya kulia,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Binti yangu Zuhura alitaka kuniandikia, nikamwambia akae na kalamu yake. Nilisoma miaka miwili tu, wewe unajua, lakini miaka hiyo miwili nilikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu mwenyewe alisema nikiendelea nitamnyang'anya kazi. Leo ni siku ya nne naandika. Mstari ukipinda, ujue ni meza.

Najua umekufa. Sijasahau, wala sijachanganyikiwa kama wanavyosema hapa nyumbani. Lakini nina maneno ya kukuambia, na siwezi kumpa mtu mwingine. Neno la kwanza ni hili: nakuja kwenu. Nakuja Gujarat, India, kwenye mji wako, nyumbani kwako, nikae miezi miwili na watu wako nione wanavyoamka, wanavyokula na wanavyogombana. Nakuja peke yangu. Mimi ambaye hata Bukavu nilikwenda nikiwa nimezungukwa na shemeji watatu.

Miaka ishirini na mbili tulikaa kwenye baraza moja la duka la vitambaa, hapa Kigali mjini. Wewe cherehani ya kulia kwa mlango, mimi ya kushoto. Mteja akinunua kitambaa ndani kwa tajiri wetu Mhindi, akitoka anakuta mafundi wawili, Mhindi na Mnyarwanda, anachagua. Wengi walinichagua mimi. Usibishe, sasa huwezi. Wewe ulikuwa fundi mzuri wa kola, hilo nakupa mbele ya watu wote. Kola yako ilisimama kama askari. Lakini suruali? Kanji, suruali ilikuwa yangu. Nilishona suruali ya bwana harusi yule wa Nyakabanda hali yeye yuko tayari mlangoni mwa kanisa na suruali iliyopasuka, na alipoingia ndani alikuwa amevaa ya kwangu, na bado ina moto wa pasi. Ulikuwepo. Ulishika mkanda.

Na kama mimi nilijisifu, wewe ulinizidi. Cherehani zikisimama tu, mchana hakuna mteja, basi wewe unaanza kwenu. Kwenu chai inachemshwa mpaka inakuwa na rangi ya tofali, halafu inanywewa kwenye kisahani. Kwenu ng'ombe akilala barabarani, basi la abiria linamsubiri aamke. Kwenu mwezi wa kwanza kuna siku mji mzima unapanda juu ya mapaa, wazee na watoto, kurusha tiara, na uzi unapakwa chupa iliyosagwa ili ukate uzi wa jirani. Kwenu kuna kisima ambacho huchoti maji kwa kamba, unashuka kwa ngazi, ghorofa tano chini ya ardhi, na kuta zote zimechongwa maua na tembo.

"Kisima cha ghorofa?" nilikuuliza.

"Ghorofa tano, Saidibhai," ukasema, maana bhai kwenu ni ndugu.

"Chini ya ardhi?"

"Chini."

"Na mtu mwenye akili timamu alichimba ghorofa tano kwa ajili ya ndoo moja ya maji."

"Si ndoo moja. Mji mzima unakunywa."

"Kanji, wewe mwongo. Kola unajua, lakini mwongo."

Ulicheka mpaka ukajitoboa kidole na sindano. Ukasema, "Njoo uone mwenyewe. Hii mdomo yako iko mkubwa sana, njoo na macho." Nikakuambia nitakuja, na nikikuta ghorofa nne nitawaambia watu wa mji wako kwamba wewe ni mwongo kwa ghorofa moja nzima. Hayo tuliyasema kila mwaka. Kila mwaka nilisema nakuja.

Basi vita vikaanza kule kaskazini, ule mwezi wa kumi. Wateja wakapungua. Mtu anayesikia vita hanunui suti. Tajiri akatuita ndani akasema baraza halina kazi ya mafundi wawili, cherehani moja inatosha, tukubaliane wenyewe. Mimi nilitoka nikiwa nimejiandaa kubishana. Nilikuwa na maneno tayari: mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye wa suruali, mimi nina binti na wajukuu. Hukunipa nafasi ya kuyasema. Ulikuwa umeshaanza kukunja kitambaa cha kufunikia mashine yako.

"Mimi nina kwetu pa kurudi," ukasema. "Wewe kwenu ni hapa. Kaa."

Ni hivyo tu, halafu ukaniuliza kama nimeona kipimo chako.

Sikukushukuru siku ile. Nilisema moyoni, nitamshukuru kwa heshima, nyumbani, kama inavyotakiwa. Nikatuma neno kwa dada yangu mkubwa wa Kicukiro anayefuga, alete maziwa. Maana nyama huli, pombe mimi sinywi, lakini maziwa, nilijiambia, maziwa Kanji hawezi kukataa. Ng'ombe anaheshimiwa kwao kama kwetu.

Sasa hapa nieleze vizuri, maana kosa langu liko hapa, na mimi nilichelewa kulielewa kuliko mtu yeyote.

Miaka yote ile tulikunywa chai ya barazani, kila mtu na chake. Wewe ulikuwa na kikombe chako cha stili, kidogo, kina alama ya msumari chini, unakibeba kwenye mfuko wa kitambaa begani. Hata ukija kwangu Nyakabanda ulikuja nacho, Zuhura anamimina kutoka kwenye thamosi, unakunywa. Nilidhani ni masharti yako tu, kama mtu asiyelala bila mto wake. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza, mimi ni mtu wa kujua.

Siku ile ya kukuaga uani palijaa. Majirani wote walikuja kumuona Mhindi wa Fundi Saidi akiagwa. Dada yangu alitoka Kicukiro kwa miguu na maziwa kichwani. Nikayatia kwenye inkongoro, kile chombo cha mti cha baba yetu, ambacho hakitolewi ovyo. Nikakaa mbele yako. Na nikafanya kama mwenye nyumba wa kwetu anavyofanya kwa mgeni anayemheshimu: nikaonja mimi kwanza. Maana yake kila Mnyarwanda anaijua. Hamna sumu humu, na kama ipo tunakufa sote. Halafu nikakupitishia kwa mikono miwili.

Ukaitazama inkongoro. Ukaunganisha mikono yako kifuani.

"Siwezi, kaka," ukasema.

"Huwezi nini?"

"Hii siwezi. Ngoja..."

Mkono wako ukaingia kwenye mfuko wa kitambaa. Mimi nikaona mtu anayejiandaa kuondoka. Na jirani yangu, yule mwenye mdomo, akasema nyuma yangu watu wote wakasikia: "Fundi, Mhindi wako anaogopa mate yako."

Walicheka. Kama wasingecheka, sijui. Lakini walicheka, na mimi sijawahi kuchekwa kwenye uwanja wangu.

Nikasema, "Miaka ishirini na mbili unakaa kando yangu, leo ya mwisho ndiyo unaniambia mimi ni mchafu?"

Na nikayamwaga. Yote. Chini, kwenye udongo, mbele ya dada yangu aliyeyabeba.

"Saidi! Maziwa!" Alipiga kelele kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Wewe hukujua kwamba kwetu kumwaga maziwa kwa kusudi ni mwiko, au labda ulijua, maana ulikuwa mweupe kama karatasi. Ulikuwa umesimama, kikombe cha stili mkononi. Ulikiweka juu ya ukuta mfupi ili uvae viatu. Ulivaa taratibu sana. Ukanitazama, nikatazama kuku. Ukaondoka, kikombe kikabaki ukutani.

Nilikiona, Kanji. Ulikuwa hujafika hata kwenye kona. Sauti yangu inajulikana Nyakabanda nzima, ningeita ungegeuka. Sikuita.

Kesho yake ulipanda ndege. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu tangu asubuhi. Nilishona mifuko ya suruali siku nzima. Mifuko tu, hakuna suruali. Tajiri akauliza ni ya nani, nikamwambia ni akiba.

Kikombe chako nilikiweka kwenye meza ya mashine, nikatia ndani sindano zilizovunjika na vipande vya chaki. Nilifanya kwa makusudi. Kila asubuhi nilikitazama nikasema, hapo ndipo pako. Na upande wa kulia wa mlango tajiri aliweka sanamu ya plastiki iliyovaa kitenge. Haina kichwa. Haikunibishia hata mara moja. Nilichoka nayo ndani ya wiki.

Dada yangu tangu siku ile hajanipa maziwa. Nikienda Kicukiro ananipa chai ya mkavu, bila maziwa, ananitazama nikinywa. Nikimuuliza ng'ombe wana nini, anasema, "Wazima. Ni wewe."

Mwaka huu ndipo barua ikafika dukani, maandishi ya kwenu yale yanayoning'inia kama nguo kwenye kamba. Mke wa tajiri, tunayemwita Mama Duka, akaniita jikoni kwake nyuma ya duka. Akaniambia nikae. Nilijua. Mwanamke yule hajawahi kuniambia nikae.

Akasema, "Kanji amekufa, mzee. Mke wake ndiye ameandika."

Alinisomea akibadilisha kwa Kiswahili, neno kwa neno. Savita, mke wako, ambaye mimi sijamuona ila kwenye picha uliyoibandika ndani ya boksi la nyuzi, aliandika kwamba ulianguka asubuhi ukiwa kwenye mashine, na hukuteseka. Nikasema vizuri. Akaandika kwamba ulikuwa unaongea Kiswahili na ng'ombe wa mtaani, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Mama Duka akacheka kidogo na kufuta macho. Mimi sikulia. Nilikuwa nimepaliwa na moshi wa jiko lake.

Halafu akasoma maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka moja moja. Savita aliandika: mume wangu alirudi kutoka Afrika na tabia moja ya ajabu. Mgeni akija, Kanji anachukua kikombe cha mgeni, anaonja kwanza, ndipo anampa. Watu walikasirika. Mzee mmoja wa jirani alisimama akaondoka bila kuaga. Mimi niligombana naye, nikamuuliza, unataka kutuaibisha? Akasema, kule nilikokaa hivi ndivyo wanavyokuambia usiogope.

Nikamwambia Mama Duka aache kusoma kwanza. Nikamuuliza walikasirikia nini.

"Mzee," akasema, "wewe umefanya kazi kwa Wahindi maisha yako yote, hili hujui? Kwetu mgeni hapewi kitu kilichogusa mdomo wa mtu. Hata kiwe cha dhahabu. Kumpa ni kumdharau. Na yeye akipokea amejidharau."

"Lakini kwetu usipoonja ndiyo umemdharau!"

Akanitazama, barua mkononi. Nikamweleza habari ya maziwa, nusu nusu, nikaruka mahali pa kumwaga. Akatingisha kichwa. "Yaani mlikuwa mnaheshimiana," akasema, "mpaka mkagombana."

Akaendelea kusoma. Savita anasema mwishowe ulipata njia yako. Ukawa unaweka kikombe cha pili. Chai ikija, unamimina kidogo kwenye kikombe hicho, unakunywa wewe mbele ya mgeni, halafu unamimina cha mgeni, safi, hakijaguswa. Watu wakarudi kunywa chai kwenu. Wakakuita Mzee Vikombe Viwili. Na ulimwambia mkeo: siku ile mfuko ulikuwa begani, kikombe kilikuwa humo, ningesema neno moja tu angenimiminia. Lakini mimi ni mzito wa maneno na ndugu yangu ni mwepesi wa hasira.

Hapo ndipo nilipouona mkono wako tena, Kanji. Unaingia kwenye mfuko. Unasema "ngoja". Hukuwa unaondoka. Ulikuwa unatafuta kikombe ili nikumiminie.

Nilitoka jikoni bila kumaliza kusikia. Mama Duka alinifuata mpaka barazani na mstari wa mwisho: "Anasema kama fundi wa kushoto yuko hai na anataka kuja, nyumba ipo."

Basi nakuja.

Zuhura alikaa chini aliposikia. "Baba, una miaka mingapi?"

"Ya kutosha."

"Utapotea ukishuka Bombay. Unasoma kwa kubahatisha."

Nikamwambia: kule herufi ni nyingine kabisa, hata daktari wa hapa akifika atakuwa hajui kusoma. Yeye ataanza upya, anatetemeka. Mimi nina uzoefu wa miaka sitini wa kusafiri bila kutegemea kusoma. Ninauliza watu. Ninatazama viatu vyao na kola zao, najua nani wa kumuuliza. Akaniuliza na nauli, nikamwambia mtu aliyeuvisha mji huu suruali hakosi njia ya kupanda ndege.

Ofisini kwenye pasipoti palikuwa na kijana mwenye miwani, ananiuliza maswali huku anapiga mhuri vitabu vya watu wengine.

"Unaenda Ubelgiji?"

"India."

"Biashara?"

"Hapana."

"Matibabu?"

"Unaniona mgonjwa?"

"Sasa, muzehe, mtu wa hapa anaenda India kufanya nini?"

"Kukaa. Kuangalia wanavyoishi."

Akaweka mhuri chini. "Turisti?" Akageukia wenzake. "Yewe, njooni muone turisti wa Nyakabanda!" Wakaja wawili, wakaniangalia viatu. Nikawaambia waandike kutembelea ndugu. "Ndugu Mhindi?" "Ndugu Mhindi." Mmoja akasema labda mimi ni Mhindi niliyekaa sana juani. Nikamwambia kola yake imegeuzwa vibaya, imeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka, na kama ameoa amwambie mkewe ampeleke kwa fundi. Wenzake walimcheka yeye. Pasipoti ilitoka.

Halafu nikaanza mazoezi, maana mimi siingii nyumba ya watu kama mbuzi. Nilimwendea Mama Duka nikamwambia anifundishe kuishi. Akasema nianze na salamu. Nikamwambia salamu najua, Kanji alinifundisha barazani, nikamtolea lile neno ulilosema ni la kumsalimia mama wa heshima. Kanji! Mwiko wa jikoni ulitua begani kwangu. Nimekuja kugundua kwamba maneno yote ya Kigujarati uliyonifundisha miaka ishirini na mbili ni matusi, na mimi nilikuwa nawasalimia wateja wenu kwayo, nao wananiinamia kwa adabu. Hili tutalizungumza siku tukikutana. Sijalisamehe.

Sasa najua salamu ya kweli. Najua kuvua viatu mlangoni, hilo nilikuwa nalijua msikitini. Najua kukaa chini kula miguu imekunjwa, ingawa kuinuka namshika mtu. Nyama nimeacha tangu mwezi uliopita, ili tumbo lizoee. Watu wa mishikaki wananiuliza kama nimeugua. Dengu nazila, na pilipili ile ya kwenu iliyonitoa machozi nimeishinda. Mama Duka anasema hajaona mtu anayeishinda pilipili kwa kuitukana.

Lakini kazi kubwa ilikuwa maji. Kwenu chombo cha maji cha watu wote hakigusi mdomo. Unakiinua juu, unafungua kinywa kama kifaranga, unamimina, unameza bila kufunga. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Siku ya kwanza maji yaliingia sikioni. Siku ya pili puani, Zuhura akanipiga mgongo kama anatwanga. Majirani wakawa wanakuja na vigoda vyao uani, palepale tulipokaa siku ya maziwa, na yule mwenye mdomo akiwa mbele.

"Fundi, unaoga au unakunywa?"

"Njoo unishikie sabuni," nikamjibu, na nikainua tena.

Nililowesha mashati sita. Wiki ya tatu koo lilifunguka. Sasa namimina kutoka urefu wa mkono mzima, tone halianguki. Najua hata wewe ulikuwa unamwaga kidogo kwenye ndevu, nilikuwa nakuona. Juzi Mama Duka aliniwekea chakula chini, sahani ya stili, akanipa maji mwishoni bila kusema kitu, akasimama kunitazama. Nikainua, nikamimina, nikashusha. Akapokea chombo, akakikagua ukingo wote kwa kidole, kikavu.

"Nenda," akasema. "Umeiva."

Nimekwenda hata Kanombe peke yangu kuutazama uwanja wa ndege, ili siku yenyewe nisishangae kama mgeni. Niliteremka Gisimenti, iliyobaki nikatembea. Nikaona mlango wanaoingilia. Nikasimama hapo mpaka askari akaniuliza ninamsindikiza nani. Nikamwambia, nimechelewa kumsindikiza, aliondoka miaka mitatu iliyopita. Akaniambia nisogee pembeni, nazuia mizigo ya watu.

Nakuambia jambo ambalo Zuhura hajui. Naogopa. Si ndege, ndege ni basi lenye mabawa. Naogopa mlango wa nyumba yako. Savita hajui Kiswahili, mimi Kigujarati changu ukitoa matusi ni salamu na maji. Nitakapofika nitasimama pale na viatu mkononi, na yeye atakuwa anajua. Mwanamume huyu ndiye aliyemwaga. Umemwambia, lazima umemwambia. Na mimi nina ulimi wa kumaliza watu hapa Kigali, lakini kule utakuwa mzigo tu. Sina neno la kumwambia. Wewe ndiye uliyekuwa mzito wa maneno, sasa ni zamu yangu.

Jana nilikwenda Kicukiro kumuaga dada yangu. Nilimpelekea kikombe chako. Nilikuwa nimezitoa sindano na chaki, nikakisugua kwa majivu mpaka nikaiona pua yangu. Na nikuapie, Kanji: katika miaka hii mitatu, katika mazoezi yote yale, mdomo wangu haujakigusa. Nilitumia cha kwangu. Nilikuwa na hasira nawe lakini mdomo haukugusa. Labda mdomo ulijua kabla yangu.

Nikamweleza dada yote, na safari hii sikuruka mahali pa kumwaga, maana yeye alikuwepo. Akasikiliza akiwa anasuka. Akachukua kikombe, akakigeuza, akaona ile alama ya msumari. Akaingia ndani, akatoka na agaseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kirefu, kipya, alichokuwa amekisukia harusi ya mjukuu. Akakitia kikombe ndani, kikaenea kama kilipimwa.

"Kikombe usiwape kitupu, wape na kikapu," akasema.

"Nimekuelewa."

"Na ukirudi, upitie hapa kabla ya kwenda kwako. Masika yatakuwa yameanza, ng'ombe watakuwa na maziwa."

Nilimuuliza kama ni ya kunywa mimi. Akasema, "Tutaona umerudije."

Basi nitafanya hivi. Nimelifikiria kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, ndiko ninakofikiri vizuri. Nitafika, nitavua viatu, nitatoa salamu moja ya kweli. Nitampa Savita kikapu. Atakifungua, atakijua kikombe. Ataleta chai, ile ya rangi ya tofali, na mimi nitakaa chini na magoti yangu haya. Sitashika kitu. Nitamwonesha kwa kidole: mimina hapo kwanza. Kwenye kikombe chako. Kidogo.

Mwenye nyumba ni wewe, Kanji. Utaonja kwanza. Mimi nitangoja.

Halafu kesho yake wanipeleke kwenye kisima. Nitazihesabu ghorofa mwenyewe, nikishuka na nikipanda.

Ndugu yako wa cherehani ya kushoto,
Saidibhai
Nyakabanda, Kigali, mwisho wa mwaka 1993